Tovuti Bora kwa Nani? Barua ya Wazi kwa Waamuzi wa Tuzo za Tovuti

Ndugu waamuzi,

Kila mwaka mnakaa mnafungua tovuti za wizara, halmashauri, benki, vyuo na kampuni, mnazipa alama, na mwisho wa yote mtu anaitwa jukwaani kukabidhiwa kikombe na cheti. Naiheshimu kazi hiyo, na naiona ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA ambaye hajawahi kufungua mwongozo wowote wa kimataifa ataisoma karatasi yenu ya vigezo neno kwa neno, na bosi wake atatoa fedha kurekebisha kile ambacho vigezo vyenu vimekitaja. Kisichotajwa kinabaki kilivyo mpaka tovuti itakapofumuliwa tena. Ndiyo maana nawaandikia ninyi kabla ya kuwaandikia wao.

Ombi langu ni moja. Acheni kuihukumu tovuti kwa kuitazama. Ihukumuni kwa kumpa mtu shughuli: aitafute huduma kwa maneno yake, kwa simu yake, kwa bando lake, aipate, na aimalize bila kumwomba mtu msaada. Na miongoni mwa watu hao wawemo wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, na wale ambao mikono yao haiwezi kushika kipanya. Wawe wajumbe kamili wa jopo, alama zao zihesabiwe kama zenu, wasiitwe siku ya hafla tu kupigwa picha.

Najua vigezo vingi vimetoka wapi. Awwwards, tuzo za kimataifa ambazo wabunifu wengi wanaziota, zinagawa alama hivi: muundo asilimia 40, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20, na maudhui 10. Mgawanyo huo hauna ubaya kwa watu wanaoshindana kwa ufundi wa picha na mwendo. Lakini ukiuchukua ukauweka kwenye tovuti ya halmashauri, ambako mwananchi anakuja kutafuta ada ya leseni ya biashara, umempa mchoraji mamlaka ya kuamua kama huduma imefika. Maudhui kwa mwananchi huyo ndiyo karibu yote. Hakuja kuangalia slaidi.

Niwaeleze ninachokiona kazini. Kazi yangu ni kupima tovuti kabla hazijakabidhiwa kwa wenyewe, na mwenzangu ninayepima naye haoni tangu utotoni. Anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye naye haoni. Sauti ameiweka kwa kasi ambayo sikio langu haliishiki. Yeye anaisikia vizuri kabisa. Siku moja tulifungua tovuti ya taasisi ambayo chini ya ukurasa wa mwanzo ilikuwa imebandika nembo ya ushindi. Shughuli tuliyojipa ilikuwa ndogo: kujua ada ya maombi na kupata fomu.

Alianza kama anavyoanza kila tovuti, akabonyeza herufi H, ambayo kwenye NVDA humrusha mtumiaji kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Akajibiwa kwamba hakuna kichwa. Kwenye skrini mimi niliviona vichwa, vikubwa na vizuri, lakini vilikuwa maandishi ya kawaida yaliyonenepeshwa na kutiwa rangi. Katika msimbo wa ukurasa hapakuwa na chochote kinachosema hiki ni kichwa. Akaomba orodha ya viungo vyote. Ikaja: soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa, soma zaidi. Ukiwa na macho, kila "soma zaidi" iko chini ya habari yake, kwa hiyo unaelewa. Ukiwa na orodha peke yake, umepewa funguo nyingi zisizo na namba za vyumba. Akaamua kuupita ukurasa mstari kwa mstari. Picha za slaidi zikawa zinabadilika zenyewe na kumvuruga, kila moja ikijitaja kwa jina ililotoka nalo kwenye kamera, herufi na tarakimu tupu. Mwishowe tukafika kwenye ukurasa wa ada. Ada zilikuwa kwenye jedwali safi lenye mistari ya kijani, na jedwali zima lilikuwa picha. NVDA ilisema neno moja na kunyamaza.

Mimi nilichukua sekunde moja kuisoma ile ada. Yeye asingeipata hata angekaa siku nzima.

Kisha tukafanya jambo la pili. Tukaandika kwenye Google jina la ile huduma pamoja na neno "ada", kama ambavyo mtu yeyote angeandika. Ukurasa wa taasisi haukutokea juu. Juu palikuwa na blogu ya mtu binafsi iliyonakili ada za zamani na kuzizungushia matangazo. Chanzo kilikuwa kile kile. Aliyeandika blogu aliandika kwa maandishi. Taasisi iliweka picha. Kichwa cha ukurasa wa taasisi, yale maneno yanayoonekana kwenye matokeo ya utafutaji na ambayo kisoma skrini huyatamka kwanza kabisa, kilikuwa "Home", na kila ukurasa wa tovuti ile ulikuwa na kichwa hicho hicho. Mtu anayetafuta huduma kwa Kiswahili ni vigumu kuelekezwa kwenye ukurasa unaojiita "Home".

Hapo ndipo nataka mkae kidogo, waamuzi. Ufikivu, yaani mtu mwenye ulemavu kuweza kuitumia tovuti, na kuonekana kwenye utafutaji havikukutana kwa bahati. Roboti ya utafutaji inazipitia kurasa kwa kusoma msimbo na maandishi, kama kisoma skrini. Inahitaji kichwa kilichotajwa kuwa kichwa, kiungo kinachosema kinakwenda wapi, picha yenye maelezo, video yenye maandishi. Google yenyewe inaeleza kwamba roboti yake hufuata viungo vilivyoandikwa kama viungo, vyenye anwani ndani yake. Fundi akitengeneza kitufe cha mapambo kinachoitikia mbofyo wa kipanya peke yake, bila anwani, roboti haipiti hapo, na mtu anayetembea kwa kibodi kwa kubonyeza Tab naye hawezi kupita. Mlango mmoja umefungwa, wawili wamebaki nje.

Hata hivyo nawasihi msivitie vitu hivi viwili kwenye alama moja. Nimeona karatasi za vigezo zenye mstari mmoja unaosema "ufikivu na SEO, alama 10", SEO ikiwa ndiyo huko kuonekana kwenye utafutaji, kana kwamba ukipata kimoja umepata na kingine. Kuna mahali vinaachana, na mahali hapo ndipo wanaoumia wanaumia zaidi.

Chukueni suala la lugha ya ukurasa. Mwanzoni mwa kila ukurasa wa HTML kuna sehemu ya kutaja lugha: "sw" kwa Kiswahili, "en" kwa Kiingereza. Tovuti zetu nyingi zimejengwa juu ya violezo vilivyonunuliwa nje, na violezo hivyo vinakuja vimeandikwa "en". Fundi anatafsiri menyu, anaweka habari za Kiswahili, na ile "en" haigusi. Kwa Google hakuna hasara. Imeeleza wazi kwamba haitumii tamko hilo kutambua lugha, inayasoma maandishi yenyewe. Lakini kisoma skrini kinaliamini. Kinachukua sauti ya Kiingereza na kuanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya London. Irabu zinapotea, "ada" haisikiki kama ada, "cheti cha kuzaliwa" kinakuwa mlolongo wa milio ambayo msikilizaji analazimika kuikisia. Sauti ya Kiswahili ipo. Injini ya sauti ya eSpeak NG inayokuja ndani ya NVDA ina Kiswahili, na kwenye simu za Android pia sauti hiyo inapatikana. Kinachokosekana ni herufi mbili.

Na hapa ndipo vipimo vya kompyuta vinapowadanganya. Wengi wenu mnatumia Lighthouse, chombo cha Google kinachotoa alama kati ya 0 na 100 kwa kasi, ufikivu, mbinu bora na SEO, na kinachopaka kijani kuanzia 90. Ni chombo kizuri, nami nakitumia kila siku. Lakini mwulizeni Lighthouse kuhusu ukurasa wa Kiswahili uliotajwa kuwa Kiingereza, na mtapewa alama kamili kwenye kipengele hicho, kwa sababu chenyewe kinaangalia kama lugha imetajwa na kama msimbo wake ni halali. "En" ni halali. Kama ni kweli, hakijui. Vivyo hivyo picha ya jedwali la ada ikipewa maelezo yenye neno "picha", kipimo kinaridhika.

Mwaka 2019 fundi wa tovuti wa Austria, Manuel Matuzović, alilithibitisha jambo hili kwa vitendo. Alitengeneza ukurasa ambao mtu wa kibodi hawezi kuutumia, wa kisoma skrini hausikii, na hata mwenye macho hauoni vizuri, akaupitisha Lighthouse, ukapata 100 kwenye ufikivu. Miaka miwili kabla yake, Government Digital Service ya Uingereza ilikuwa imejenga ukurasa wenye vikwazo zaidi ya 140 kwa makusudi ili kujaribu vipimo vya aina hiyo. Hata kilichofanya vizuri kuliko vyote hakikufikia nusu. Vipo vikwazo ambavyo hakuna kipimo hata kimoja kilichovigundua. Kwa hiyo mshiriki akiwaletea ripoti ya kijani kama ushahidi, ipokeeni kama mnavyopokea cheti cha kuzaliwa cha mwombaji wa kazi: kinathibitisha jambo moja dogo na la lazima, na kinaacha mengine yote yaulizwe.

Msinielewe kwamba vipimo vitupwe. Shirika la WebAIM, lililoko Chuo Kikuu cha Utah State, kila mwaka hupitisha kipimo kwenye kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana duniani, na takribani asilimia 95 huwa na makosa yanayoonekana hata na mashine. Makosa yanayoongoza hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu ambazo visanduku vyake havina lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha ya ukurasa kutotajwa. Kama mashine inaweza kuyakamata hayo kwa dakika moja, tovuti yenye makosa hayo isifike mezani kwenu kabisa. Kipimo kiwe geti la kuingilia. Baada ya geti, kazi ni ya watu.

Kuhusu maandishi yaliyofifia niseme zaidi, maana hili linamgusa kila mtu na bado wabunifu wanalipigania. Mwongozo wa WCAG, unaotolewa na shirika la W3C, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1 katika ngazi ya AA. Ule mwongozo ulitoka mara ya kwanza mwaka 1999, toleo la 2.0 likaja 2008, 2.1 likaja 2018, na 2.2 likatoka Oktoba 2023, hivyo hakuna anayeweza kusema ni jambo geni. Kijivu cha namba 777777 juu ya nyeupe kinatoa 4.48 na kinaanguka kwa kijisehemu. Kijivu cha AAAAAA, kinachopendwa sana kwenye fomu zetu kwa maelekezo yaliyo ndani ya kisanduku, kinatoa 2.32, karibu nusu ya kinachotakiwa. Ninyi mnapima tovuti ndani ya ukumbi wenye mapazia, kwenye skrini kubwa iliyong'arishwa. Nendeni nayo kituo cha daladala saa saba mchana, kwenye simu ya bei ya kawaida ambayo kioo chake kimeshachubuka, mkaisome. Mzee wa miaka sitini aliyeanza kupata mtoto wa jicho anaiona hivyo hata akiwa kivulini.

Kuna kesi moja ambayo ningependa kila mjumbe wa jopo aijue kabla hajashika kalamu. Ilitokea Sydney. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alikuwa akisoma kompyuta kwa kifaa cha Braille. Mwezi Juni 1999 alilalamika mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney haimfai: picha hazina maelezo, kutoka kwenye ratiba hawezi kufika kwenye orodha ya michezo, na majedwali ya matokeo hayasomeki. Waandaaji walijitetea kwamba marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia na kuchukua muda ambao hawana. Wataalamu walioitwa na mlalamikaji walionyesha kwamba kazi ni ndogo sana kuliko inavyosemwa. Tarehe 24 Agosti 2000 tume iliamua kwamba Maguire amebaguliwa, ikaagiza tovuti irekebishwe ifikapo 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Haikurekebishwa yote, na Novemba waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000.

Ninachokipenda katika hukumu ile ni namna swali lilivyoulizwa. Tovuti ile ilikuwa imejengwa kwa fedha nyingi na kampuni kubwa, na bila shaka machoni ilipendeza. Tume haikuuliza hayo. Iliuliza kama mtu huyu, akiwa kwenye ratiba, anaweza kufika kwenye orodha ya michezo.  Jopo linalouliza hivyo ndilo ninalolitamani.

Wala msiseme ile ni Australia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja mifumo ya habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo, pamoja na majengo na barabara. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008, na Katiba yake ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha ya alama ya Kenya, Braille, na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa wa aina moja au nyingine. Mnapoitangaza tovuti kuwa bora kwa taifa, hao wamo ndani ya taifa.

Jihadharini na vitufe vya ufikivu vinavyouzwa kwa mwezi. Mtavikuta kwenye tovuti za washiriki: alama ya mtu ndani ya duara pembeni mwa ukurasa, ukiibonyeza inakupa menyu ya kukuza herufi na kubadili rangi. Mwenye kisoma skrini tayari ana vyote hivyo kwenye chombo chake. Anachotaka ni ukurasa ulioandikwa sawasawa, na kitufe hakiwezi kuuandika upya. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa kudai kwamba chombo chake cha akili bandia kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Jopo likimpa mtu alama kwa sababu ya kitufe hicho, litakuwa limelipia tangazo.

Upande wa utafutaji nao una hila zake, ingawa ni chache na ni rahisi kuzikamata. Wapo wanaojaza maneno ya utafutaji ndani ya maelezo ya picha: "leseni, leseni ya biashara, leseni Dar es Salaam, leseni bei nafuu". Roboti haidanganyiki sana siku hizi, lakini asiyeona analazimika kuyasikiliza yote kila anapoipita picha hiyo. Huo ni mfano mzuri wa SEO inayomla mtu mwenye ulemavu, na nawaombeni muuondolee alama pande zote mbili. Wapo pia waliosahau kuondoa ile amri ya kuzizuia injini za utafutaji waliyoiweka wakati tovuti inajengwa. Tovuti imezinduliwa, waziri amekata utepe, na ukurasa bado unaiambia Google ipite mbali. Fungueni faili la robots.txt na msimbo wa ukurasa. Ni kazi ya dakika chache.

Sitaki barua hii iwe ya lawama tupu, kwa sababu mifano mizuri tunayo nyumbani na sijaiona ikiitwa jukwaani. Angalieni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania. Hazina slaidi. Hazina mwendo. Ni orodha ya shule, kila jina la shule ni kiungo chenye jina la shule hiyo, na ndani yake ni jedwali la maandishi matupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, alama, daraja. Siku matokeo yanapotoka, nchi nzima inaingia kwa pamoja, kuanzia simu ya mjini mpaka ya kijijini yenye mtandao wa kubahatisha, na ukurasa ni mwepesi, maandishi tu. Mwanafunzi asiyeona anaweza kuitafuta namba yake kwa kisoma skrini na kuyasikia matokeo yake mwenyewe, kabla ya mjomba na jirani. Jopo linalotazama muundo litaziita kurasa hizo za kizamani. Mimi kwa kipimo changu naziweka juu ya tovuti nyingi nilizoziona zimebeba nembo za ushindi, na natamani siku moja aliyezijenga apewe mkono hadharani.

Sasa, namna ya kufanya. Chagueni shughuli, zisizidi tano kwa kila aina ya tovuti, na ziwe zile ambazo watu wanaziulizia kweli kwenye dirisha la mapokezi la taasisi hiyo. Waulizeni wahudumu wa mapokezi, wanazijua. Kila shughuli ianzie kwenye kisanduku cha utafutaji, siyo kwenye anwani ya tovuti, maana mwananchi haijui anwani. Mjumbe aandike kwa Kiswahili chake, hata akikosea tahajia. Mjumbe mmoja afanye kwa kisoma skrini, mwingine kwa kibodi bila kipanya, mwingine kwa simu ya kawaida na bando, mwingine kiziwi aangalie kama video ya maelekezo ina maandishi. Andikeni nani alifika na nani alikwama, na alikwama wapi. Mmoja asipofika, tovuti inakosa alama ya shughuli hiyo, hata kama wengine wote walifika. Mwonekano upeni nafasi yake baada ya hapo; nami napenda tovuti nzuri kama mtu mwingine yeyote.

Wajumbe wenye ulemavu mtawapata kupitia vyama vyao, na walipeni posho sawa na wengine. Nalitaja hili kwa sababu nimeshuhudia watu wakiitwa "kutoa maoni" kutwa nzima na kurudi nyumbani na nauli tu.

Matokeo yachapisheni yote, pamoja na sehemu watu walizokwama, ili hata aliyeshindwa ajue cha kurekebisha. Na rudini baada ya miezi sita. Tovuti hubadilika kila wiki: mtu mpya anaajiriwa, anapakia tangazo la ajira lililoskaniwa, na ufikivu uliopewa kikombe unaanza kubomoka ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ikibomoka, nembo iondolewe.

La mwisho ni dogo na linaweza kufanyika wiki hii. Matangazo ya kuwaalika washiriki wa tuzo, kwa jinsi ninavyoyapokea kwenye makundi ya WhatsApp, karibu yote huja kama bango la picha: tarehe ya mwisho, vigezo, namna ya kujiandikisha, vyote vimechorwa ndani yake, bila mstari hata mmoja wa maandishi chini. Mafundi wa tovuti wasioona wapo na wanafanya kazi nzuri. Bango likiwafikia, simu inawaambia ni picha, basi. Msimu huu tangazo liandikeni. Liwekeni kwenye ukurasa wake, kichwa cha ukurasa kitaje jina la tuzo na mwaka, lugha ya ukurasa iwe "sw", na tarehe ya mwisho iwe maandishi. Bango tumeni pia kama mnalipenda, mradi maandishi yaende nalo.

Wenu katika kazi hii,

Mpimaji wa tovuti,
Dar es Salaam